Ifute Ndani

Barazani petu Kiponda kahawa hushuka baada ya sala ya alasiri, na ubishi huwa umeshaanza zamani. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatano, mwaka elfu mbili na tatu, na tulikuwa wanne. Zahran, tunayemwita Maskati kwa sababu kila jambo la dunia kalisikia kwa shemeji yake aliyeko Maskati, ingawa yeye mwenyewe hajavuka kisiwa cha Chumbe. Pandu, tunayemwita Waya, fundi umeme mstaafu, ambaye hata mvua huieleza kwa habari za umeme. Abrahman, mwenye birika, anayetutilia kahawa na maneno. Na mimi, wananiita Katibu kwa kuwa natembea na kalamu. Wa tano wetu, Mwalim Borafya, mwenye nyumba hiyo ambayo sisi tunakaa barazani kwake, alikuwa juu ghorofani na dirisha lake limefungwa. Ilikuwa siku ya nane hajashuka. Sote tulijua kwa nini, na badala ya kupanda tukamjulie hali tulikaa chini ya dirisha lake tukibishana.

Waya: Mie nasema hayajapotea. Kitu cha umeme hakipotei, yakhe. Nimefanya kazi ya umeme miaka thalathini na moja. Umeme ukitoka hapa ujue umekwenda pale.

Abrahman: Na maneno ya Mwalim yamekwenda wapi?

Waya: Yamerudi kwenye waya. Kwani Jumatatu ile taa hazikufifia hapa Kiponda?

Maskati: Taa za hapa zinafifia tangu nazaliwa.

Waya: Zilififia zaidi.

Kwa asiyejua, mambo yalikuwa hivi. Mwalim Borafya ni mtu wa Makunduchi aliyesomesha mjini mpaka kustaafu. Mwaka wa themanini na nane alianza kukusanya maneno ya Kikae, lugha ya kwao. Si yale ambayo mtu wa Makunduchi huyasema hata leo akinunua samaki. Ya kale: majina ya majani ya dawa, maradhi ya watoto wachanga, namna za kusuka ukili wa mikeka, vyombo ambavyo havimo tena jikoni kwa mtu. Kila mwisho wa wiki alikwenda huko, akakaa na vikongwe mikekani, akaandika kwenye daftari, na akirudi mjini huyapiga kwenye kompyuta. Maneno elfu tatu na kitu, miaka kumi na mitano. Wengi waliompa wameshazikwa. Kisha mwanawe Mundhir akamletea kompyuta mpya kutoka Dubai, na ile ya zamani Mwalim akaipeleka Mlandege kwa fundi Abdulhakim ili yaliyomo yahamishwe. Hakumkuta. Akaiacha kwa jirani wa duka, na juu yake akabandika karatasi kwa plasta: IFUTE VIZURI NDANI. Alikuwa arudi Jumamosi aeleze mengine. Ikatokea maiti Makunduchi, akakaa huko siku tatu. Aliporudi, fundi alikuwa ameshafanya alichoandikiwa.

Maskati: Nyinyi hamjui kitu. Shemeji yangu anasema kila diski inayotoka kiwandani ina pacha wake huko huko kwa wazungu. Ukiandika hapa, na kule kunaandikwa.

Abrahman: Kwa njia gani? Kompyuta ya Mwalim haijaungwa hata na simu.

Maskati: Subiri. Katibu, hebu tukumbushe. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa na nafasi gani?

Mimi: Ndani haikuwa na nafasi. Ilikuwa na disketi zile pana, laini kama chapati. Moja inachukua kilobaiti mia tatu na sitini.

Maskati: Ya pili?

Mimi: Mega arobaini, mwaka wa tisini. Wewe ndiye uliyesema haitajaa mpaka siku ya kiama.

Maskati: Nlisema. Halafu mwaka wa tisini na sita ikaja ya giga moja, na hii ya sasa giga arobaini. Nafasi imezidi mara elfu na sanduku ni lile lile. Nani anakupa ghala kubwa hivyo asibakishe ufunguo mmoja kwake? Wanakwambia weka, weka, na wewe unaweka. Mgala muue na haki yake mpe.

Abrahman: Hiyo methali haiingii hapo.

Maskati: Inaingia. Hujui kuisukuma tu.

Waya: Mie hiyo ya pacha siikubali. Kilichotokea ni kuwa diski ilichoka. Mwalim kila siku anaifungua, anasoma neno, anaongeza neno. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Umeyasoma mno, yanakwisha.

Mimi: Waya, fundi kaifuta. Kaifomati. Mwenyewe kakiri.

Waya: Kakiri kwa hofu. Mtu akitishwa hukiri hata kuzaliwa mara mbili.

Abrahman aliinamisha birika, akamtilia kila mmoja kikombe cha pili. Yeye ndiye mwenye akili kati yetu, na kwa hiyo nadharia yake huwa mbaya kupita za wote.

Abrahman: Mie nna swali moja. Ile ya zamani nliibeba mwenyewe kumshushia Mwalim ngazi. Nzito, mgongo ulinikatika. Na hii mpya nliipandisha kwa mkono mmoja. Sasa nambieni, kinachobeba zaidi huwa kizito au chepesi?

Waya: Kizito.

Abrahman: Basi hii mpya haibebi kitu. Wanatuuzia nafasi tupu, na tupu kubwa ni tupu vile vile. Tuichukue ya zamani tuipeleke sokoni Darajani, tuipandishe kwenye mizani ya mwenye papa. Ikiwa uzito ni ule ule, maneno yangalimo.

Maskati: Na uzito wake wa mwanzo unaujua?

Abrahman: Mgongo wangu unaujua.

Tulicheka. Ndiyo, tulicheka, chini ya dirisha la mtu. Kisha Waya akasema jambo ambalo nilikuwa nikiomba asiliseme.

Waya: Lakini daftari alikuwa nazo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Mwalim alikuwa nazo daftari, jamani. Arobaini na kitu. Ziko wapi?

Hii haikuwa nadharia. Tulijua zilikokwenda. Mwaka wa tisini na sita, ilipokuja ile ya giga moja, Mwalim alitandaza daftari zake hapa barazani zipigwe jua, mende walikuwa wamezianza. Mimi, Katibu, mwenye kalamu, nilimwambia: “Mwalim, za nini tena hizi? Yote yamo kwenye mashine, tena mashine ina nafasi ya kuwekea Makunduchi nzima na watu wake.” Akasita. Nikamwambia asiwe mtu wa kale. Akazifunga kwa kamba, akampa Abrahman, ambaye wakati ule alikuwa akiuza na njugu, na tangu siku hiyo kila daftari akishaipiga kwenye mashine aliitupa.

Abrahman: Mie nilifungia njugu. Karatasi ni karatasi. Aliniambia chukua.

Mimi: Hakuna anayekulaumu.

Abrahman: Nliuza njugu za Kikae miezi mitano. Na nyinyi mlikula.

Tulikula. Nakumbuka tukikunjua vile vikaratasi na kusomeana maneno, na kila neno la shamba tukilichekea mpaka machozi. Sisi watu wa mjini, ambao Kiswahili chetu ndicho kimetiwa vitabuni, tulikuwa tunaona kila asemaye vingine anakosea. Mwalim mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo akitabasamu. Barazani hakuwahi kutamka hata neno moja la Kikae, na leo najua kuwa ni kwa sababu yetu.

Waya: Kulikuwa na moja la kuwashwa baina ya vidole vya miguu.

Maskati: Ee, hilo. Lilikuwa vipi?

Waya: Lilikuwa... lilianza na... Tulicheka sana siku ile.

Mlango ukafunguka. Mwalim Borafya alitoka na kanzu yake iliyopigwa pasi na kofia yake imekaa sawa, ila uso umeingia ndani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikaa mahali pake. Abrahman alimpa kikombe, akakishika tu.

Mwalim: Nmekusikieni. Sauti inapanda. Siku nane nakusikieni.

Maskati: Tulikuwa tunatafuta njia, Mwalim.

Mwalim: Ya mizani ya papa.

Abrahman akatazama birika lake.

Waya: Lakini, Mwalim, samahani, neno moja tu. Kwa nini uliandika ifutwe?

Mwalim: Kwa sababu ilikuwa na vumbi.

Waya: Vumbi?

Mwalim: Vumbi la miaka saba. Na mavi ya mende, na mayai ya mjusi nliyaona kwa kile kitundu cha nyuma. Naipeleka dukani kwa mtu, ataifungua mbele ya watu, waone uchafu wa nyumba yangu. Nkaona haya. Nkaandika: ifute vizuri ndani. Mama yangu alinilea hivyo, chombo hakitoki nyumbani kichafu. Mie nilikusudia kitambaa.

Maskati: Na Abdulhakim?

Mwalim: Abdulhakim kwao kufuta ndani ni kufuta ndani. Wateja wake wakinunua mpya, ya zamani huitoa sadaka kwa madrasa, na kabla ya kuitoa humwambia aifute. Alidhani nami naitoa sadaka. Akaifuta, akaitia michezo ya watoto na masomo ya kuhesabu, akaijaza, akaiwasha siku tatu kuijaribu. Alikuja juu kwangu analia. Kijana mwema. Hakukosea hata herufi moja.

Maskati: Na disketi zile?

Mwalim: Zimeota ukungu. Hewa ya bahari.

Hapo ndipo alipokunywa kahawa, yote mara moja, naye si mtu wa kunywa hivyo.

Mwalim: Nlimuuliza swali moja tu. Maneno yangu yote yalikuwa yakichukua nafasi gani? Akanambia, Mwalim, kidogo sana, hata disketi moja ndogo hayaijazi. Hii mpya Mundhir kaniletea na picha za harusi ya dada yake. Ile moja ambayo bi harusi Ummy anakata keki, hiyo peke yake inachukua nafasi kubwa kuliko miaka yangu kumi na mitano. Maneno yangu yangeingia ndani ya hii mpya mara laki moja na yakabaki na pa kukalia. Mara laki moja. Nami sina pa kuyatoa hata mara moja.

Alisema pole pole, kama anayesoma imla darasani, na chuki iliyokuwamo haikuwa juu ya fundi. Nilitamani kumwambia kuhusu siku ile ya daftari, kwamba mimi ndiye. Sikusema. Mtu akishakuwa mwoga mara moja huzoea.

Waya: Utayakusanya tena, Mwalim. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwalim: Kwa nani, Pandu? Nipige hodi makaburini?

Maskati alivumilia kadiri alivyoweza. Lakini kimya humwasha, na alikuwa bado na moja.

Maskati: Mie nitasema, na mkitaka mnitukane. Mwenyezi Mungu aliumba kumbukumbu ya dunia mara moja, kwa kibaba. Haizidi wala haipungui. Hizi mashine haziongezi kitu. Zinahamisha. Kila zikipanuka, kichwa cha mtu kinapungua kwa kipimo kile kile. Marehemu mama alikuwa hajui kusoma, na alijua vizazi tisa vya kila nyumba mtaa huu, nani kamwoa nani na kamwacha lini. Mie nambari ya simu ya mwanangu siijui, imo ndani ya simu. Kila giga moja wanayotupa kuna watu elfu wamesahau jambo.

Waya: Sasa huyo ni shemeji yako au ni wewe?

Maskati: Ni mimi.

Abrahman: Basi umekosea. Mwalim si kasahau. Maneno yake yamo kichwani. Mtu huandika jambo miaka kumi na mitano asilijue? Atayatoa kichwani moja moja, Katibu ataandika. Si ndiyo, Mwalim?

Nilimwona Mwalim akizungusha kikombe kitupu kwenye kiganja, nikaona Abrahman naye kamwona, na birika likabaki limeinama bila ya kumwaga.

Ndipo akatokea mwanamke kwenye kona ya msikiti, wa miaka kama thalathini, buibui lake limejaa vumbi la njia. Alisimama mbali kidogo, kama ilivyo adabu mbele ya baraza la wanaume.

Mwanamke: Assalaam alaykum. Shikamooni. Hapa ndipo kwa Mwalim Borafya? Anayejua maneno ya Makunduchi?

Tuliitikia salamu.

Mwalim: Ndiye mie. Karibu, mwanangu.

Mwanamke: Mie naitwa Shemsa, natoka Bububu. Nna bibi yangu mgonjwa kwangu, tulimtoa shamba akae karibu na hospitali. Siku ya nne leo hali chakula. Anataka kitu, anakitaja jina, na sisi hatukijui. Tumempa maji, si maji. Uji, si uji. Tumempa tasbihi yake, tukamletea na mkeka wake kutoka kwake, kausukuma kwa mkono. Zamani alikuwa akisema Kiswahili hiki chetu, sasa kimemtoka, kabaki na cha kwao. Jana alitulilia kama mtoto. Mume wangu akenda mpaka Makunduchi kuuliza, wakamwambia hilo neno la kale, tulilisikia kwa mabibi zetu na hatukulishika. Nendeni mjini kwa Mwalim Borafya, yeye kayaandika yote.

Mwalim: Neno gani?

Shemsa akalisema. Mimi siliandiki hapa. Nililisikia siku ile tu, sina hakika na herufi zake, na sitaki kuliharibu mara ya pili.

Mwalim alilirudia. Alilirudia kwa lafudhi ya kwao, sauti imeshuka kooni, sauti ambayo miaka yote ile ya kahawa hatukupata kuisikia. Shemsa akasogea hatua mbili, adabu ya kusimama mbali imemtoka.

Shemsa: Ndilo hilo. Hivyo hivyo anavyosema. Alhamdulillahi. Ni kitu gani?

Mwalim: Bibi yako ni nani?

Shemsa: Bi Mize. Wa Kajengwa.

Mwalim: Bi Mize.

Shemsa: Unamjua?

Mwalim: Neno hili alinipa yeye. Mwaka wa tisini na moja, tumekaa nyuma ya nyumba yake, anasuka. Akanambia, shika, mwanangu, uliweke wewe mwenye mashine, mie mtu mzima, ntalisahau.

Shemsa: Hakulisahau.

Mwalim: Hakulisahau.

Shemsa: Basi ni nini, Mwalim? Chakula? Nguo? Ni mtu?

Mwalim alifumba macho. Mkono wake wa kulia uliinuka, kidole kikawa kinashuka hewani pole pole kama mtu anayetafuta jina kwenye orodha.

Mwalim: Nnaliona lilipokaa. Upande wa kushoto wa ukurasa, karibu na chini. Maana yake iko mbele yake, mstari huo huo.

Shemsa: Mbele yake pameandikwa nini?

Kidole kilisimama. Waya alikuwa akitazama nyaya za umeme zilizopita juu ya kichochoro, Maskati akitazama viatu vyake. Watu wenye majibu ya kila kitu duniani, na hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu kubuni.

Shemsa: Mwalim, gari ya Bububu inanisubiri. Nikamwambie nini bibi?

Alisubiri. Alitutazama mmoja mmoja, na mimi nilikuwa wa mwisho, na nilikuwa na kalamu mfukoni. Alipoona hakuna linalokuja alivuta buibui lake, akasema ahsanteni, maana alikuwa amelelewa, akarudi njia aliyojia. Abrahman alikusanya vikombe bila kuambiwa, na hatukuagana. Mwalim alibaki barazani peke yake, macho bado kayafumba, akilirudia lile neno la Bi Mize tena na tena, na kila mara alilitamka sawasawa.